Maswali na Majibu: Ndege ya propela inaporudi nyuma yenyewe

SWALI: Mwaka huu nimeanza kazi ya kupokea ndege katika kiwanja kidogo kinachohudumia watalii wa mbugani. Asubuhi tunazibana Cessna Caravan sita, ndege ndogo za propela moja, mahali penye nafasi ya nne. Juzi rubani mmoja, badala ya kusubiri isukumwe, aliirudisha ndege yake nyuma kwa nguvu ya propela hadi akatoka katikati ya nyingine mbili, nasi tukampigia makofi. Rubani mwenzake alikasirika sana, akasema pale hapakuwa na la kushangilia. Nani kati yao yuko sahihi?
Msomaji, Kanda ya Kaskazini

JIBU: Ndugu yangu, aliyekasirika ndiye aliye sahihi, ingawa nakiri kwamba ujanja ule huvutia macho, na kwamba ndege yenyewe imeumbwa ikiwa na uwezo huo.

Injini ya PT6 iliyomo kwenye Caravan haikufungwa moja kwa moja kwenye propela. Sehemu ya nyuma huzalisha gesi ya moto, gesi hiyo huzungusha turbini nyingine iliyo peke yake, na turbini hiyo ndiyo inayoendesha propela kupitia giaboksi. Rubani anaweza kugeuza pembe ya mapanga ya propela huku injini ikiendelea kunguruma: akivuta wenzo wa nguvu nyuma kidogo, msukumo hupungua na ndege hupunguza mwendo bila kuchosha breki, jambo linalofanyika kila siku ndege inapotembea ardhini; akivuta zaidi, mapanga hugeuka kinyume na kusukuma hewa kuelekea mbele, na ndege huanza kurudi nyuma.

Hatari ya kwanza iko kwenye breki. Dereva wa gari anaporudi nyuma na kuona kizuizi, mguu wake hukimbilia breki wenyewe, na rubani naye ni binadamu. Lakini Caravan husimama juu ya magurudumu mawili makubwa yaliyo nyuma kidogo tu ya kitovu cha uzito wake, kwa hiyo magurudumu hayo yakikamatwa ghafla ndege ikiwa inarudi, uzito huendelea kwenda nyuma, pua hunyanyuka na mkia hugonga chini. Anayelazimika kusimama katika hali hiyo husukuma wenzo mbele ili propela ivute na kuumaliza mwendo, wala hagusi breki. Hiyo ni tabia ya kujifunza, na kiwanja kilichojaa si mahali pa kuifanyia majaribio.

Hatari ya pili ni macho. Caravan haina kioo cha kuonyesha kilicho nyuma, na bawa lake lina upana wa mita 15.87 kutoka ncha hadi ncha, yaani karibu mita 8 kila upande. Rubani huketi kushoto, hivyo ncha ya kulia ndiyo inayomdanganya zaidi. Bawa liko juu na hupita salama juu ya kichwa cha mtu, jambo linalofanya watu wasahau kwamba halitapita juu ya lori la mafuta. Tena, ndege inapokata kona, mkia huchepuka kuelekea upande wa pili, mahali ambapo hakuna anayetazama. Wakati wa jua la utosini wengi wetu hupima nafasi kwa kivuli cha ncha ya bawa kwenye lami, na kwa saa hiyo kipimo hicho husaidia. Asubuhi na jioni kivuli hulala mbali na bawa, na anayekiamini atagonga.

Kuna pia mchanga na kokoto. Hewa inayosukumwa mbele hunyanyua vumbi, kisha propela ileile hulivuta tena. Caravan ina mlango wa kuchepusha chembe nzito zisiingie kwenye injini, lakini hakuna kinachoyakinga mapanga yenyewe dhidi ya kokoto, na wewe uliyesimama mbele ukipiga makofi hukuwa na kinga yoyote.

Kiambatisho cha 14 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kinataka angalau mita 3 kati ya ndege ya ukubwa huo iliyo kwenye maegesho na chochote kilicho jirani. Pasipofikia hapo, zimeni injini na muisukume. Uzito wake wa juu wa kuruka hauzidi tani 4, na ikiwa tupu watu wachache huiweza. Shikeni mihimili ya bawa, kamwe msishike propela wala sehemu za mabawa na mkia zinazochezacheza. Fungueni kwanza kufuli la usukani wa mkia. Na mnapovuta kwa chuma cha gurudumu la mbele msipitishe alama za mwisho wa kukata kona. Mtu mmoja akae kwenye kila ncha ya bawa na mwingine mkiani, na yeyote kati yao akipaza sauti, wote wasimame bila kuuliza sababu. Niliwahi kuona ncha ya bawa ikipasuliwa taa kwa sababu msaidizi wa mkiani aliona uzio mapema lakini akaona haya kumkatiza rubani mkubwa. Usione haya.

SWALI: Nilipanda ATR 72, ndege ya abiria yenye propela mbili, nikaona propela ya kulia imesimama kabisa huku injini ikivuma. Je, ilikuwa mbovu?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana. ATR 72 haina ile injini ndogo ya ziada inayozipa ndege nyingi umeme zikiwa zimeegeshwa. Badala yake propela ya kulia hukamatwa kwa breki maalumu, na injini yake huendelea kutoa umeme na hewa. Marubani huiita hali ya hoteli. Faida yake kwenye maegesho finyu ni kwamba si lazima mtambo wa umeme uburutwe hadi chini ya bawa. Abiria hutumia mlango wa nyuma kushoto, mbali na injini hiyo, lakini usichepuke kwenda kulia kwa kudhani kwamba propela iliyotulia ni injini iliyozimwa, kwa maana gesi ya moto inaendelea kutoka nyuma yake.