Dada wa Tanga kaniuliza kuhusu usafi wa vyumba vya wageni, jibu limekuwa refu

Juzi nimepata meseji kutoka kwa dada mmoja wa Tanga, amefungua vyumba viwili vya kupangisha kwa siku huko Raskazone. Anasema tangu Wizara ya Afya itangaze wale wagonjwa wa Mpox Machi 2025 wageni wengine kabla ya kulipa wanamhoji kwanza, shuka mnafuaje, mnatumia dawa gani, na alipoingia mtandaoni kutafuta akakutana na sheria za usafi za enzi za korona, kurasa kwa kurasa, akachoka. "Dada we ulipitaje pale?" Nimeona nijibu hapa hapa maana najua mko wengi, kila mwenye nyumba ya urithi ukanda huu wa pwani sa hivi anawaza kununua kitanda na feni, apige picha, aweke Airbnb, ule mtandao wa kupangisha vyumba kwa wageni.

Mimi niko Bagamoyo, Dunda, vyumba vitatu na banda la uani, nyumba aliyotuachia mama. Kabla ya korona wageni wetu wakubwa walikuwa wanafunzi wa nje wanaokuja kujifunza ngoma pale TaSUBa, chuo cha sanaa, na watu wa Dar wa wikendi, wale wanaokuja kula samaki, wanapiga picha kwenye majengo ya kale ya Kaole na Caravan Serai, Jumapili jioni wanarudi kwao. Biashara ilikuwa inatembea vizuri tu, sitaki kujisifu lakini rivyu zangu zilikuwa za kupendeza.

Halafu ikaja Machi 2020. Tarehe 16 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza nchini, kesho yake shule zikafungwa, na haikupita muda anayeingia kutoka nje akatakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zake, Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa kabisa. Nilikuwa na kundi la wanafunzi limeshabuki nyumba nzima kupitia kampuni moja ya utalii, siitaji jina, wenyewe wanajijua. Walifuta kwa meseji ya mistari miwili, na ile hela ya kuzuia vyumba tuliyokubaliana kwamba hairudi walishaichukua kabla hata meseji haijanifikia. Nililia. Nimeshasamehe ila sijasahau, na kila nikipita barabarani nikaona gari lao nageuza uso.

Sasa tuje kwenye usafi. Mwaka huo huo Airbnb wakatoa utaratibu wao wa hatua tano: andaa chumba, safisha, ua vijidudu, kagua, panga upya. Chumba kikae saa 24 baada ya mgeni kutoka ndo msafishaji aingie, na kama huwezi kufuata utaratibu wote basi acha saa 72 kati ya mgeni na mgeni. Ni utaratibu mzuri, siubezi. Shida ni kwamba ukiusoma unamuona aliyeuandika ana mashine ya kufulia ya maji ya moto na mashine ya kukausha. Mimi nina kamba uani, na hiyo ilikuwa masika, shuka ukianika asubuhi jioni unaianua ina unyevu ule ule pamoja na harufu juu yake.

Kazi ya usafi nafanya na wifi yangu, mke wa kaka, na nisipomtaja hapa nitakuwa mwizi wa fadhila. Wifi alisoma mpaka darasa la saba tu lakini nikimsomea kitu mara moja anakishika. Tulikaa uani na simu, mimi nasoma, yeye anapima. Jiki ya kawaida madukani kwetu ni asilimia 3.5, na kiwango walichosema Shirika la Afya Duniani kwa sehemu zinazoguswa guswa ni asilimia 0.1, kwa hiyo unatia vijiko viwili vya chakula, vile vikubwa vya mililita 15, kwenye lita moja ya maji. Ndoo ya lita 10 inakula mililita 300. Basi. Sio nusu chupa kwenye ndoo kama nilivyoona gesti moja wanafanya mpaka mgeni anaingia macho yanamtoka machozi. Wifi aliweka alama kwa rangi ya kucha kwenye chupa tupu ya maji, mstari mmoja wa jiki na mwingine wa maji, hakuna kukisia.

Na lazima uanze na sabuni, usugue uchafu utoke, usuuze, ndo upake jiki, maana uchafu unaimaliza nguvu dawa kabla haijafika kwa kijidudu. Ikae kidogo, usipake na kufuta hapo hapo. Kwenye vitasa na mabomba irudie kwa maji masafi kwa sababu inakula chuma, na hapa kwetu upepo wa bahari peke yake unatosha kuozesha kila kitu. Changanya ya leo kwa leo, ya jana mwaga. Na narudia hata kama mmeshasikia, jiki usiichanganye na siki wala na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini, kijana wa jirani alitolewa chooni anakohoa kama anataka kutapika. Kanga usiivae ukifanya kazi hiyo, wifi ana kanga tatu zenye madoa meupe, anazivaa makusudi ili nizione.

Kitu ambacho sikukiona kwenye mwongozo wowote ni chandarua. Wao wanasema kila kitambaa kilichoguswa na mgeni kifuliwe. Haya, hiki chandarua chenye dawa ya mbu kimetengenezwa kuvumilia kufuliwa kama mara 20 hivi, na hakitakiwi kuguswa na jiki wala kuanikwa juani. Sasa ukifua kila mgeni akitoka, mwaka haujaisha umebaki na wavu tu, umemkinga mgeni na korona ukamkabidhi kwa malaria, ambayo Bagamoyo hatujawahi kuishiwa. Sisi tulinunua vya akiba, kinachotoka kinakunjwa kinakaa kabatini siku kadhaa, kinaingia kingine, na kufua ni pale kinapochafuka kweli, kwa sabuni ya kipande, kivulini. Hakuna mgeni aliyelalamika nilipomweleza, mzungu mmoja hata alinipiga picha nikiwa nakikunja, sijui kwa nini.

Lakini ngoja niwaambie ukweli, usafi haukuwa kitu kigumu. Kigumu walikuwa watu.

Mnakumbuka mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu ziliacha kutolewa, tukabaki na ile namba ya wagonjwa 509, Juni vyuo vikafunguliwa, na Rais Magufuli akasema Mungu ametuondolea korona. Watu wakavua barakoa. Mimi kwa upande mmoja nina wageni wachache wa nje waliopitia Zanzibar, wanafika na vitambaa vyao vya dawa, wanafuta kitasa ambacho wifi ametoka kukifuta mbele ya macho yao, kwa upande mwingine nina familia imetoka Dar kwa ajili ya harusi, watu kumi na mbili kwenye vyumba vya watu sita, mzee wao anaiangalia ndoo yangu ya koki ya kunawia mikono pale getini anasema, "Mwanangu, sisi tumeshamalizana na hilo kwa maombi, wewe unaturudishia?" Nimjibu nini? Nikae kimya, napoteza wale wa nje. Nimkatalie, nimemvunjia heshima mzee wa watu na harusi ni kesho.

Nikaihamisha ndoo. Nikaitoa getini nikaiweka barazani, pale ambapo sinia la pilau linawekwa, pamoja na sabuni na taulo za karatasi. Kunawa kabla ya kula hakuna mswahili atakayekuuliza kwa nini. Mzee yule yule alinawa, akawaita wajukuu wote waje kunawa, akamgombeza mmoja aliyenawa mkono mmoja tu. Ndoo ile ile, maji yale yale. Pale getini ilikuwa inamwambia mgeni una ugonjwa, barazani ilikuwa inamkaribisha chakula. Tangu siku hiyo kila sheria ninayopewa najiuliza kwanza kwetu inakaa wapi, ndo naiweka.

Kilichoniumiza zaidi ni majirani. Wifi alikuwa anavaa barakoa na glavu, nyumba inanuka jiki mpaka barabarani, basi ikazuka kwamba kwetu kuna mgonjwa tumemficha ndani. Bodaboda wa kijiweni wakawa wanawaambia wageni pale msishuke, twendeni nikawapeleke kwingine, na kwingine kwenyewe ni kwa mtu ninayemfahamu, tumekula naye Idi. Nasema hivi sio kwa ubaya. Ila kama na wewe unafanya biashara hii jua kwamba ukifanya vizuri zaidi ya wenzako kwanza watakucheka, halafu watakusema, halafu baadaye watakuja kukuuliza ile dawa unachanganyaje. Walikuja. Niliwaonyesha ile chupa yenye rangi ya kucha, sikuwanyima, mimi sijalelewa hivyo.

Dawa ya uvumi niliipata kwa wifi, alisema tufanye usafi milango wazi. Wageni wakitoka tunafungua madirisha yote na mlango wa mbele na wa uani, magodoro tunayatoa juani, anayepita aone. Na kumbe hilo ndo lilikuwa la maana kuliko vyote. Aprili 2021 wale CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wakaandika kwamba uwezekano wa kuambukizwa korona kwa kugusa sehemu yenye virusi kwa ujumla ni chini ya 1 kwa 10,000, na kwamba kama hakuna mgonjwa aliyekuwepo humo ndani ya saa 24 zilizopita, sabuni na maji vinatosha sehemu nyingi. Ugonjwa ulikuwa kwenye hewa. Dunia nzima tulikuwa tunasugua vitasa huku tumefunga madirisha AC isitoke nje! Wifi yangu mimi alishafungua.

Kwa hiyo dada wa Tanga, ushauri wangu usiupokee kama msahafu, magonjwa hayafanani. Mpox yenyewe inapenda ngozi kwa ngozi, na inaweza kukaa kwenye shuka na taulo za mgonjwa, kwa hiyo hapo kitanda ndo cha kuangalia kuliko kitasa. Vaa glavu, shuka usiikung'ute, ikunje kwa ndani uitumbukize moja kwa moja kwenye ndoo ya maji ya moto na sabuni. Uwe na seti tatu kwa kila kitanda, moja imetandikwa, moja kabatini, moja kwenye kamba, ukiwa na mbili masika itakuumbua. Nunua nyeupe za pamba. Mto uwe na foronya mbili, ya ndani na ya nje.

Na acha siku wazi kati ya mgeni na mgeni. Najua unasema Idi na Desemba siwezi kuacha hela. Utaweza. Mimi niliacha na ndo maana 2021 nikapata wale wa Dar waliohamishia kazi nyumbani, walikaa kwa mwezi mwezi, wanalipa kabla, wanaleta wenzao, mmoja wao mpaka leo kila Pasaka yuko kwangu. Tamaa ya kugeuza chumba kwa saa tatu ndo inayofanya mgeni akute unywele wa mtu kwenye sabuni.

Halafu msafishaji wako mlipe. Hapa nitasema na mtanisamehe. Unaweka kwenye tangazo hela ya usafi elfu thelathini, mgeni analipa, dada aliyeinama chooni anapata elfu tano na nauli hana, halafu unataka apime jiki kwa kijiko? Atamwaga tu. Mungu anaona na mgeni naye anaona, bafu linasema lenyewe. Hela iliyoandikwa ya usafi ni ya usafi, kwangu wifi anaichukua yote, na ile siku ya wazi namlipa pia.

Mwisho, zile picha ulizonitumia. Vyumba vizuri, rangi nzuri, hongera sana mdogo wangu. Lakini hayo madirisha ya alumini uliyoweka chumba cha nyuma, kioo kizima kisichofunguka kwa sababu ya AC, mwite fundi ayabadilishe yafunguke na uweke nyavu, hiyo ifanye kabla hujaenda dukani kununua hata chupa moja ya jiki.