Fundi Anayetaka Kwenda Oman, Aanze na Jina la Kazi

Kila nikirudi Unguja likizo, vijana wa mtaani huniuliza jambo lile lile: "Kaka, visa ipo?" Sijapata kusikia anayeuliza ni visa ya kazi gani. Na hilo ndilo la mwanzo la kuuliza, hasa kwa mtu mwenye ufundi wake mkononi.

Mie ni fundi wa friji na viyoyozi. Nilianzia kwenye hoteli za Paje na Nungwi, nikaja Muscat. Ninayoyasema hapa ni ya Oman, maana huko ndiko ninakokujua.

Oman visa ya kazi hutolewa kwa kazi iliyotajwa na kwa mwajiri aliyetajwa. Ukiandikwa fundi umeme wa kampuni fulani, wewe ni fundi umeme wa kampuni hiyo. Sasa kuna wengi wetu wanaoletewa visa ya kazi za nyumbani kwa kuwa ndiyo iliyopatikana upesi, wakiambiwa "wewe njoo tu, ukifika utafanya ufundi wako." Hapo sikubali hata kidogo. Sheria ya kazi ya Oman ya 2023 imeweka kiwango cha saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki, mkataba wa maandishi, na haki ya kushitaki mwajiri asipolipa. Lakini haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Wao wana kanuni zao mbali. Kwa hiyo utavuta nyaya nyumba nzima, utapanda juu ya paa na jua lote lile, na siku ya kudai haki yako karatasi inakwambia wewe ni mtumishi wa ndani. Tena ukikutwa unafanya kazi isiyo yako kwa mtu asiye kafili wako, yaani mwajiri aliyekuletea visa, unaweza kurudishwa kwenu.

Ili uandikwe fundi, uwe na cheti cha ufundi. Wengi wetu tumejifunza kwa ami au kwa jirani, tukabeba mkoba wa vifaa miaka na miaka, cheti hatuna. Unguja na Pemba ipo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo kama Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Bara, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya huko, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazini na kumpa cheti bila kumrudisha skuli upya. Nenda kaulize kabla hujamuuliza wakala wa visa. Cheti hicho kitapita wizara ya mambo ya nje kuthibitishwa, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda, na huchukua muda wake.

Na angalia majina! Sisi tuna tabia: cheti cha kuzaliwa Hamis, kitambulisho Khamis, cheti cha skuli kina majina mawili, pasi ina matatu. Hapa nyumbani anayekuhudumia anakujua, anacheka, mambo yanakwisha. Afisa wa ubalozi hakujui. Sawazisha majina yote yafanane na ya kwenye pasi kabla hujagongesha muhuri wa kwanza, maana ukibadilisha baadaye unaanza upya na unalipa upya.

Kuhusu kazi yenyewe, usiogope. Umeme wa Oman ni volti 240, na soketi ni zile zile za matundu matatu ya mraba tulizozizoea. Tofauti ni ukubwa. Kwetu kazi nyingi ni viyoyozi vya ukutani. Kule utakuta mashine kubwa juu ya paa zinazosukuma baridi kwenye njia za bati hadi kila chumba. Kama hujawahi kuzigusa, sema. Mimi kabla ya kuajiriwa nilipewa kipande cha bomba la shaba nipanue mdomo, kisha niunge kiungo kwa moto, msimamizi akakitia presha kuona kama kinavuja. Hakunifungulia hata bahasha ya vyeti. Basi tangu leo piga picha kazi zako: kabla, katikati na baada. Rikodi video ukivuta hewa kwenye mfumo kabla ya kutia gesi, na kipimo cha presha kionekane. Mwajiri aliye mbali huamini hiyo kuliko maneno ya shemeji yako.

Mshahara. Ukiambiwa "riyali 1,000", uliza za wapi. Riyali moja ya Oman ni kama dola 2.6. Ya Saudia, dola moja inakupa 3.75; ya Qatar 3.64. Qatar kima cha chini tangu 2021 ni riyali 1,000 zao, ambazo hazifiki dola 300, mbali na chakula na malazi. Mtu anayekuahidi riyali 1,000 za Oman kwa fundi anayeanza, huyo muogope.

Wakala uliza leseni yake Kamisheni ya Kazi kabla ya kutoa hata shilingi. Mkataba usomewe na mtu anayejua Kiarabu vizuri, kwa sababu huo wa Kiarabu ndio utakaotumika mbele ya sheria. Ukiletewa karatasi ya kukubali mwajiri akae na pasi yako, usitie saini; bila ridhaa yako ya maandishi hana ruhusa ya kuishikilia.

Utafurahi kusikia Kiswahili Sib na Wadi Kabir, mitaa ya Muscat, na mabibi watakuita mwanangu na kukuomba uwatengenezee friji. Kaa nao vizuri, lakini kazi ya pembeni nje ya kafili wako ni kosa hata kwa anayekupenda. Warshani mafundi wengi ni Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi, kwa hiyo maneno ya Kihindi ya vifaa utajifunza upende usipende.

Oman, tangu Januari 2021, mkataba ukimalizika unaweza kuhamia mwajiri mwengine bila ile karatasi ya ruhusa ya wa zamani. Kwa hiyo mkataba wa kwanza usiupime kwa mshahara peke yake. Tazama utajifunza mashine gani.

Ukiwa fundi wa viyoyozi, jaribu ufike mwezi wa tatu au wa nne. Joto likipanda kila mtu anatafuta fundi na unazoea kazi haraka. Kuanzia Juni hadi Agosti kazi za nje husimama kisheria saa 6:30 mchana mpaka saa 9:30, kwa hiyo kazi za paa hupangwa alfajiri. Nunua kofia pana na viatu vizuri vya kazi mapema.