Ukitaka kumpa mtu kibao cha gitaa, mpe kimoja tu

Sisi wapenzi wa zilipendwa za roki, hasa zile za gitaa tupu zisizo na mwimbaji, tukimpata mwenzetu hutamani kummiminia hazina yote siku hiyo hiyo. Mtu anaondoka na nyimbo thelathini kwenye simu, na mwisho wake hasikilizi hata moja. Nimekuwa nikipeana nyimbo na marafiki kwa miaka mingi, wengine vijana wasiomjua Hank Marvin, mpiga gitaa wa bendi ya Uingereza The Shadows, wengine wazee wenye masikio makali kuliko yangu. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: toa kibao kimoja, na ukichague kwa kufikiria sikio la unayempa.

Mtu aliyekulia kwenye rumba ya Kongo, kwa mfano, mimi humpa “Samba Pa Ti” ya Santana, ya mwaka 1970. Inaanza taratibu, gitaa linabembeleza bila haraka, halafu katikati mwendo unabadilika na vyombo vyote vinachangamka. Hapo utamwona anakaa sawa kwenye kiti, maana rumba zake nazo ndivyo zinavyofanya zinapoingia kwenye sebene. Huna haja ya kumweleza kitu.

Mzee mmoja wa Mombasa, mpenzi wa taarab ya zamani, alikuwa akiniambia siku zote kwamba roki ni makelele. Sikubishana naye. Nilimwekea “Misirlou” ya Dick Dale, ya mwaka 1962. Haikupita nusu dakika, akainua kidole: “Huyu kasikia udi huyu, mwanangu.” Na kweli. Dick Dale, Mmarekani, alikuwa na asili ya Lebanoni upande wa baba, na ami yake alikuwa mpiga udi. Wimbo wenyewe ni wa zamani wa nchi za mashariki ya Mediterania, na Wagiriki walikuwa wameshaurekodi tangu miaka ya 1920. Yeye aliuchukua akaucharaza kwa kasi ya ajabu juu ya uzi mmoja wa gitaa la umeme. Mzee aliomba nirudie, akafumba macho, vidole vinacheza juu ya goti. Sasa ndiye anayeniuliza, “Leo umeniletea nini?”

Jambo la pili: mwambie asikilize wapi. Wimbo wenye maneno una pa kushika, lakini wa ala tupu unaweza kumpita mtu kama hajui sikio aliweke wapi. Chukua “Apache” ya The Shadows, ya 1960. Kila mtu husikia solo ya Hank Marvin na mwangwi unaoifuata. Mimi humwambia mwenzangu aiache hiyo kwanza, asikilize chini yake, gitaa kavu la Bruce Welch linavyokwenda mbio kama farasi bila kuchoka. Akishalisikia, hataacha kulisikia tena. Historia ifuate baadaye, tena kwa ufupi: Jerry Lordan aliitunga baada ya kutazama filamu yenye jina hilo hilo, Bert Weedon akawahi kuirekodi lakini rekodi yake ikacheleweshwa kutoka, Shadows wakaitoa na ikakaa namba 1 Uingereza kwa wiki 5. Nawaonea huruma watu wanaoanza na historia. Msikilizaji anachoka kabla gitaa halijalia.

Hakikisha pia unampa rekodi yenyewe. Wanamuziki wengi wa enzi zile walirudi studio miaka mingi baadaye wakavirekodi upya vibao vyao, na kwenye intaneti vyote vimepangwa pamoja kwa jina lile lile. Tazama mwaka, tazama urefu. “Apache” ya 1960 haifiki dakika 3. Ukiona inakwenda dakika 5, hiyo ni ya jukwaani au ya miaka ya baadaye.

Na tafadhali, si kwa spika ya simu. “Albatross” ya Fleetwood Mac, ya mwaka 1968, ndiyo itakayokuthibitishia. Gitaa la Peter Green linaelea juu, lakini kinachoubeba wimbo ni besi na ngoma za Mick Fleetwood, ambaye hapo alipiga kwa virungu vyenye vichwa laini ili mlio uje kama mawimbi. Spika ya simu inavimeza vyote hivyo. Mtu anabaki na gitaa jembamba, halafu anakuambia wimbo umepoa! Vaeni hedifoni, au subirini mkutane kwenye redio nzuri, na wimbo ukianza mnyamaze nyote mpaka uishe.

Kupeana kuna pande mbili. Kijana mmoja mpenzi wa hip hop, baada ya kumpa ile “Apache”, alinijibu kwa kunipa “Apache” nyingine, ya Incredible Bongo Band, ya 1973. Ngoma zake ndizo ma-DJ wa New York walizozigombania hip hop ilipokuwa inazaliwa. Niliisikiliza mara mbili kabla ya kumjibu, na nashauri kila mtu afanye hivyo, maana sikio la kwanza mara nyingi huwa bado linatafuta kile lilichokizoea. Mara ya pili nilizifuata ngoma, na tangu hapo sijaitoa kwenye simu yangu.

Sasa ni zamu yangu, na nimeshachagua: “Rumble” ya Link Wray, ya 1958. Haina neno hata moja, lakini kuna vituo vya redio vya Marekani vilivyokataa kuipiga kwa kuhofia itawachochea vijana kupigana. Ili kuupata ule mlio mchafu, Wray alitoboa spika ya amplifaya yake kwa penseli. Nitamwambia asikilize hasa mwishoni, pale gitaa zima linapoanza kutetemeka.