Maswali na majibu: Mashine ya kurekodi TV nyumbani

Maswali yote ya safari hii yanahusu mashine za kurekodi DVD. Mpya dukani ni nadra siku hizi, kwa hiyo karibu kila aliyeandika anazungumzia ya mtumba.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nataka kurekodi taarifa ya habari ya saa moja usiku niitazame asubuhi nikiwa nimetulia. Macho yamechoka na sipendi mashine yenye mambo mengi. Ninunue ipi? (Mumias)

Shikamoo Mwalimu. Kabla ya kuuliza jina la kampuni, omba uonyeshwe rimoti. Iwe ile iliyozaliwa na mashine. Panasonic, Sony, LG, Philips, wote walitengeneza mashine nzuri, lakini karibu zote hazina kitufe cha kupanga saa ya kurekodi pale mbele; kazi hiyo hufanywa kwa rimoti. Zile rimoti za kununua sokoni zinazodai kufanya kazi na kila kitu zitakuwashia na kukuzimia, basi. Mashine isiyo na rimoti yake mwachie muuzaji hata akipunguza bei mara tatu.

Ishike rimoti yenyewe. Vitufe vya REC, STOP na TIMER viwe vikubwa na vikae mbali kidogo na vingine, usije ukabonyeza cha kufuta ukidhani ni cha kusimamisha. Kisha mwambie muuzaji akupangie rekodi ya dakika tano mbele yako. Akihangaika yeye anayeziuza kila siku, nawe utahangaika.

Ukipata yenye hadi diski (hard disk, ghala la kutunzia rekodi) ndani, ongeza pesa uichukue. Unarekodi bila kutafuta diski tupu, unatazama, unafuta, na kinachostahili kutunzwa tu ndicho unachohamishia kwenye DVD. Kwa taarifa ya habari ya kila siku sioni sababu ya kutumia kitu kingine.

Jambo moja linawapata wengi: mashine haijui saa zetu. Saa moja usiku kwake ni 19:00. Ukiandika 1:00 itaamka saa saba za usiku na kukurekodia chochote kitakachokuwa hewani wakati huo.

Nilinunua soko la Kibuye mashine iliyotoka Uingereza. Muuzaji alisema ina king'amuzi ndani. Nimechomeka antena, imetafuta stesheni mpaka mwisho na haikupata hata moja. Nimeuziwa mbovu? (Nyalenda, Kisumu)

Si lazima iwe mbovu, na muuzaji huenda alisema kweli. King'amuzi kimo, ila nyingi za mashine hizo zilitengenezwa kwa mfumo wa DVB-T, na sisi Kenya tunatumia DVB-T2. Ya kwanza haiwezi kusoma matangazo ya ya pili. Na zile za zamani zaidi zenye kupokea analogia zimebaki bila kazi upande huo tangu mitambo ya analogia ilipozimwa mwaka 2015.

Kwa hiyo sahau antena ya mashine. Chukua king'amuzi chako cha kawaida, toa waya wa rangi tatu (njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti) uuingize kwenye mashine, halafu mashine iende kwenye TV. Mashine za Uingereza mara nyingi huwa na matundu hayo matatu mbele, nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki ambacho watu hawakifungui. Yakiwa hayapo, tumia lile tundu pana la nyuma liitwalo SCART na adapta yake. Adapta yenyewe iwe na swichi ya IN na OUT. Iweke kwenye IN. Kisha kwenye rimoti badilisha chaneli hadi uone AV au L1.

Ving'amuzi vingi vidogo vya sasa havina matundu matatu. Vina tundu moja jembamba kama la earphone, na waya unaoishia na vichwa vitatu vya rangi. Hapo ndipo mafundi hupoteza mchana mzima. Mpangilio wa nyaya ndani ya kile kichwa chembamba haufanani kwa kila kampuni, hivyo unaweza kuona kioo cheusi huku spika ikinguruma. Usirudishe king'amuzi dukani. Hamisha vichwa: jaribu chekundu kwenye tundu la njano, kisha cheupe, mpaka picha itokee. Hakuna kitakachoungua.

HDMI usihangaike nayo. Kwenye mashine hizi ni ya kutoa picha tu, haiingizi.

Na ukumbuke kwamba mashine itarekodi kile king'amuzi kinachoonyesha. Ukiipangia saa tatu halafu watoto wabadilishe chaneli saa mbili na nusu, utarekodiwa katuni. King'amuzi kikizimwa, utarekodiwa giza.

Shemeji yangu anarudi kutoka Marekani na ameahidi kuniletea mashine ya kurekodi. Aje nayo? (Kitale)

Mwambie alete viatu. Umeme wa kule ni volti 120, wetu 240, na picha zao ni za mfumo wa NTSC ilhali sisi ni PAL. Ya Japani nayo ni hivyo hivyo, volti 100. Unaponunua popote, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma: kiandike 220-240V, 50Hz.

Nilirekodi mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Wachezaji nawaona, mpira siuoni! Diski mbovu? (Kakamega)

Bila shaka uliweka EP, kiwango cha kurekodi kinachobana picha sana, ili ubane saa sita kwenye diski moja. Diski ya kawaida ni GB 4.7: XP inakupa saa 1 ya picha safi, SP saa 2, LP saa 4, EP saa 6 au zaidi. Kadiri unavyobana ndivyo kitu kidogo kinachokwenda kasi kinavyoyeyuka ndani ya nyasi. Mpira urekodi kwa SP. Dakika 90, mapumziko 15 na zile za nyongeza zinaingia, kwa shida lakini zinaingia. Kukiwa na uwezekano wa dakika 30 za ziada na penalti, tumia hadi diski au shuka hadi LP.

Diski zangu zinacheza kwangu tu. Kwa jirani zinagoma. (Molo, Nakuru)

Hujazifunga, yaani hujazikamilisha ili deki nyingine zizisome. Ingia kwenye menyu utafute FINALIZE, subiri dakika chache, usiguse kitu. DVD-R ikishafungwa haiongezwi kitu tena. DVD+RW mara nyingi haihitaji kufungwa na unaweza kufuta na kurudia, ndiyo maana mimi huwapa wanaoanza hiyo, ikiwa mashine inaikubali. Na DVD-RW iliyorekodiwa kwa mtindo wa VR itagoma kwenye deki nyingi.

Stima hapa hupotea wakati wowote, na radi ndiyo usiseme. (Kisii)

Nunua UPS ndogo ya kompyuta, kile kisanduku chenye betri. Stima ikikatika katikati ya kufunga diski, diski hiyo huenda usiisome tena, na mashine nyingi husahau saa na yote uliyopanga. Wingu likianza kunguruma, chomoa plagi na pia waya wa antena kwenye king'amuzi. Watu huchomoa plagi, wakasahau antena iliyosimama juu ya paa.

Naweza kuonyesha mechi nilizorekodi kwenye kibanda changu cha video kwa kiingilio kidogo? (Kondele, Kisumu)

Hapana. Ukishatoza kiingilio umetoka kwenye matumizi ya nyumbani, na sheria ya hakimiliki inakuhusu.

Kwa nini mtu ahangaike na DVD wakati king'amuzi kinarekodi kwenye flashi? (Njoro)

Swali zuri. Kama unarekodi, unatazama na kufuta, kaa na flashi yako. Ila jua kwamba flashi iliyofomatiwa kwa mtindo uitwao FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4, na kilichorekodiwa na TV zenyewe mara nyingi hakifunguki kwenye TV nyingine.

DVD inashinda kwa vitu vya kutunza, na hasa kanda za zamani. Kama kuna kanda ya VHS ya harusi ya wazazi kabatini, ipeleke kwenye diski mwaka huu. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016, na deki zilizobaki zinazidi kuchakaa. Inua kifuniko cha mbele cha kanda uangalie: ukiona ukungu mweupe kwenye utepe, usiiingize kwenye deki, mpe fundi aisafishe kwanza. Ikiwa safi, ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja, kisha rekodi kwa SP au XP. Toa nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine, na kanda yenyewe usiitupe.