Alama ya kuuliza iliyofichwa kwenye mkunjo

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: je, waandishi wa michezo wanaofuatilia Simba na Yanga, klabu mbili kubwa za soka za Dar es Salaam, wanaaminika? Nawajibu kama mtu aliyeuza magazeti Tandika, jirani na stendi ya daladala, kuanzia mwaka 2009 hadi mwisho wa 2023, simu zilipoimaliza biashara ile. Mimi ni Simba, nimezaliwa kwenye nyumba ya Simba. Nalisema hilo mapema ili mkipime vizuri kila nitakachosema.

Wapo ninaowaamini kwa moyo wote, na ni wachache. Siwatambui kwa gazeti wanaloandikia wala redio wanayotangazia. Nawatambua kwa swali moja ninalojiuliza kila ninaposoma: huyu alikuwepo, au ameletewa?

Saa kumi na mbili asubuhi magazeti yakishafika, nilikuwa nayapanga ya michezo mbele kabisa na kuyawekea mawe madogo upepo usiyachukue. Kabla ya saa moja watu kumi au kumi na tano wameshasimama, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari. Wengi hawakununua na sikuwahi kumfukuza hata mmoja, maana mabishano yao ndiyo yaliyomvuta mnunuzi. Juni na Julai, usajili ukipamba moto, kichwa cha habari kilikula nusu ya ukurasa: fulani amwaga wino Jangwani, yaani Yanga, fulani atua Msimbazi, yaani Simba. Gazeti likiwa limekunjwa katikati unaona jina la mchezaji na neno "atua". Ukilikunjua ndipo unakutana na alama ya kuuliza, ndogo, imejibanza chini ya mkunjo. Nilifika mahali nikawa nazitafuta alama zile kila asubuhi kabla hata sijapanga meza.

Mwaka mmoja mzee wa Yanga, fundi cherehani hapohapo mtaani, alinunua gazeti lililosema mshambuliaji mmoja kutoka nje ameshamalizana na timu yake. Siku hiyo hapakuwa hata na alama ya kuuliza. Mzee alilitunza lile gazeti kwenye droo ya cherehani yake. Agosti akaenda uwanjani kwenye kilele cha Wiki ya Mwananchi, sherehe ya Yanga ya kutambulisha kikosi kipya, wakatajwa wachezaji wote mmoja baada ya mwingine, yule hakutokea. Jumatatu akaja mezani kwangu na gazeti limekunjwa mara nne, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, huyu yuko wapi?"

Tukalifungua wote wawili, tukasoma ile habari ya ndani ambayo mimi mwenyewe niliyeiuza sikuwa nimeisoma. Mwanzo ilisema habari hizi zimetoka kwa chanzo cha kuaminika ndani ya klabu. Katikati ikaeleza mabao aliyofunga mchezaji huyo huko kwao. Mstari wa mwisho ukasema kiongozi wa klabu alipotafutwa, simu yake iliita bila kupokelewa. Basi. Mchezaji hakuulizwa, wakala hakuulizwa, klabu anayotoka haikuulizwa. Ukurasa wa mbele mzima ulisimama juu ya simu iliyoita bila kupokelewa. Nilimrudishia mzee hela yake. Alikataa mara mbili, ya tatu akaipokea.

Tangu siku ile nikaanza kuzisoma habari zenyewe, tena kuanzia mwisho. Nikawa pia nawauliza waandishi waliopita mezani kwangu habari hizi zinazaliwaje. Wakala ana mchezaji ambaye mkataba wake umebaki miezi sita, na kwa kanuni za FIFA mchezaji wa namna hiyo anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine. Anampigia mwandishi anayemjua, anamwambia timu fulani wanamtaka. Kesho yake habari ikitoka, klabu yake inaingiwa na hofu na kuongeza dau. Wakati mwingine ni kiongozi wa klabu mwenyewe: timu imefungwa, mashabiki wana hasira, anatupa jina kubwa kwa mwandishi ili Jumatatu watu waongelee hilo. Mwandishi hakusema uongo kwa maana ya kutunga. Ni kweli ameambiwa. Ila hakujiuliza kwa nini anaambiwa yeye, na kwa nini leo.

Mfano wa Clatous Chama, kiungo Mzambia aliyekuwa Simba, unanikera hadi kesho. Tetesi za kwenda Yanga zilikuwepo tangu 2020. Agosti 2021 akauzwa RS Berkane ya Morocco, Januari 2022 akarudi Simba, na kweli mwanzoni mwa Julai 2024 Yanga wakamtangaza. Siku hiyo nikawasikia watu wakijisifu kwamba walisema zamani. Hapana. Aliyeandika mwaka 2020 kwamba amemalizana na Yanga alikosea mwaka 2020, na yaliyotokea miaka minne baadaye hayamsafishi.

Sasa nije kwa Bernard Morrison, maana hapo ndipo na mimi nilipoingia mkenge. Mwaka 2020 Yanga walisema winga huyo Mghana ameongeza mkataba wa miaka miwili. Yeye akasema hakusaini. Simba wakamtangaza kuwa wao kabla shauri halijaamuliwa, na Agosti kamati ya TFF, shirikisho la soka Tanzania, ikaamua kwamba mkataba ule wa Yanga una kasoro, mchezaji ni huru. Yanga hawakuridhika, wakaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, kule Uswisi, na hukumu ikatoka Novemba 2021 kwa upande wa Morrison.

Kwenye meza yangu kesi hiyo ilidumu kuliko ya mahakamani. Kulikuwa na mtangazaji mmoja wa redio niliyemwamini sana kipindi hicho, kila jioni nilimfungulia. Alisema Yanga hawana karatasi yoyote ya maana. Kumbe naye hakuwa ameiona hiyo karatasi. Nilimwamini kwa sababu alisema nilichotaka kusikia, na mwenzangu wa Yanga pale jirani alimwamini wa kituo kingine kwa sababu hiyohiyo. Hukumu ilipotoka nilifurahi, lakini nikakumbuka kuwa mtu wangu alikuwa ameotea tu. Aliyenisaidia kuelewa lile jambo alikuwa mwandishi wa gazeti ambaye wala hakuwa na jina kubwa. Kila siku aliandika mambo madogomadogo: mkataba wa kwanza ulikuwa unaisha lini, kamati imekutana siku gani, imeahirisha kwa sababu gani, nani aliingia kwenye kikao na nani hakuingia. Ilichosha kusoma, lakini hakuna siku ilibidi aikane habari yake.

Hapo naomba niseme jambo ambalo wasomaji wenzangu hawatalipenda. Mei 6, 2012 Simba tuliifunga Yanga 5-0. Jumatatu asubuhi magazeti yangu yaliisha kabla ya saa mbili, na walioyanunua ni Simba watupu. Novemba 5, 2023 Yanga walitufunga 5-1. Jumatatu yake magazeti yakaisha vilevile, safari hii kwa watu wa Yanga, na wateja wangu wa Simba walivuka barabara wasipite mbele ya meza. Mhariri yeyote anayepokea hesabu za mauzo anaujua ukweli huo. Anajua tunanunua furaha yetu. Habari iliyochunguza kwa nini timu haina uwanja wake wa maana, au fedha za mchezaji aliyeuzwa zimekwenda wapi, ilikuwa inarudi jioni kwenye fungu la magazeti yasiyouzwa. Mshambuliaji wa Simba Emmanuel Okwi alipouzwa Étoile du Sahel ya Tunisia Januari 2013 kwa dola 300,000, gazeti la siku ile liliuzika. Simba walipokuwa wanahangaika miaka kuzidai fedha hizo, sikumbuki mteja hata mmoja aliyeniulizia habari ile.

Na wenye kalamu wanaishije? Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni mwandishi wa kujitegemea. Hana mshahara. Analipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, nauli imekwenda na jua limempiga bure. Akienda mazoezini au kwenye mkutano wa klabu, mwisho kuna bahasha, wenyewe wanaita nauli. Sizungumzi kwa kumdharau. Nimemwona akirudi saa tatu usiku na habari mbili mkononi na hajala tangu asubuhi. Lakini mtu anayekupa nauli ya kurudi nyumbani ni vigumu kumwandika kesho yake kwamba amedanganya.

Kuna mwaka aliandika kwamba wachezaji wa timu aliyokuwa anaifuatilia hawajalipwa mishahara miezi miwili. Aliongea na wachezaji watatu, kila mmoja peke yake, na akampa kiongozi nafasi ya kujibu. Habari ilitoka asubuhi. Saa nne akaondolewa kwenye kundi la WhatsApp la waandishi ambako klabu inatoa ratiba na taarifa zake. Jioni alipofika mazoezini mlinzi aliyemzoea, waliyekuwa wanataniana kila siku, akamwambia bila kumtazama usoni, "Wewe nimeambiwa usiingie." Ninachosikitikia zaidi ni waandishi wenzake waliokuwa ndani. Walimwona pale getini. Wawili walimtumia ujumbe usiku wakimshauri akaombe radhi. Radhi ya nini? Habari ilikuwa ya kweli, na wao walijua ni ya kweli kabla yake.

Kwa hiyo mnapouliza kama wanaaminika, ulizeni pia nani anawalipa na nani anawafungulia geti. Haki za matangazo ya Ligi Kuu zilinunuliwa na Azam Media mwaka 2021 kwa mkataba wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6, na kundi hilohilo la kampuni lina timu yake kwenye ligi, Azam FC. Sisemi watangazaji wake wanapendelea, nimewasikia wakiisema timu hiyo vibaya ilipocheza vibaya. Nasema msikilizaji anastahili kulijua hilo na kulikumbuka. Vivyo hivyo vipindi vinavyodhaminiwa na kampuni za kubashiri: mchambuzi anayekwambia timu ipi itashinda amekaa chini ya bango la anayetaka uweke hela.

Halafu tutofautishe mwandishi na msemaji, maana siku hizi mstari umefifia. Haji Manara alikuwa sauti ya Simba, Agosti 2021 akahamia Yanga. Ahmed Ally wa Simba na Ali Kamwe wa Yanga, wote walitoka kwenye vyombo vya habari. Ni watu wenye vipaji vikubwa na kazi yao ni kuzipamba klabu zao. Waifanye, ndiyo waliyoajiriwa. Tatizo ni mwandishi anayechukua maneno ya msemaji, anayabandika kichwa cha habari na kwenda kulala.

Niliuona ubaya wake Machi mwaka 2025. Ijumaa usiku, tarehe 7, Simba walikwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho kabla ya kukutana na Yanga, hawakuingia. Wakatoa taarifa kwamba hawatacheza, kwa kuwa watu wa Yanga wamewazuia na wamenyimwa haki ya timu mgeni kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi. Jumamosi, saa chache kabla ya mchezo, Bodi ya Ligi ikauahirisha. Watu walikuwa wameshakata tiketi, wengine wameshalala kwenye mabasi kutoka mikoani. Shauri likafika hadi CAS, na mechi ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0.

Wiki nzima ile ya Machi nilisikiliza redio nikiwa kwenye kibanda changu cha kutuma na kutoa hela. Wachambuzi walibishana kanuni hadi sauti zikakauka, na kwa dakika mbili tu unajua huyu ni wa wapi na yule ni wa wapi. Mimi nilitaka mambo manne. Simba walifika getini saa ngapi? Walikuwa wamemtaarifu nani kabla? Nani hasa alisimama mlangoni? Nani mwenye mamlaka ya kuamuru geti lifunguliwe usiku ule, na alikuwa wapi? Hayo hayahitaji uchambuzi, yanahitaji mtu aliyekuwepo pale, mwenye daftari na saa. Walikuwepo waandishi waliojitahidi, nami nawashukuru, lakini sauti zao zilimezwa na wapiga kelele wa studio ambao usiku ule walikuwa vitandani kwao.

Mzee wangu fundi cherehani bado yupo, na bado ni Yanga. Magazeti siku hizi anayafuata mbali, na anayachagua kwa namna ambayo sijaiona kwa mwingine. Anafungua ndani kwanza, anatafuta jina la mwandishi. Akiliona lile analolitaka, ananunua. Asipoliona, anakunja, anarudisha pale alipolitoa.

Mdogo wangu naye hakuomba radhi. Geti halijafunguliwa hadi leo. Nyuma ya uwanja ule wa mazoezi kuna ukuta wenye tofali lililotoka, na yeye husimama hapo mazoezi yanapoanza, jicho moja kwenye tundu, kalamu mkononi. Wiki iliyopita klabu ilitoa taarifa kuwa kikosi kizima kipo kambini. Yeye alihesabu 19, akahesabu tena, akaandika 19 na majina ya ambao hakuwaona.