Kwa nini aulizwe mtoto, na si mimi niliyemlea?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi na mjukuu wangu wilayani Chamwino. Watafiti wamefika kijijini kwetu wakitaka kuzungumza naye kuhusu maisha yake katika miezi ile shule zilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19, wakati huo akiwa darasa la kwanza. Niliwaambia kwamba nilikuwa naye siku zote na ninaweza kueleza kila kitu, lakini wakasisitiza kumsikia mwenyewe, tena faragha. Mtoto anasita. Je, ninaweza kukataa? Na nikikubali mimi, yeye ana la kusema?
Bibi wa Chamwino

JIBU: Shikamoo bibi. Unaweza kukataa, na mjukuu wako naye anaweza kukataa hata kama wewe umekwisha kutia saini. Ridhaa ya mlezi humruhusu mtafiti kumfikia mtoto, lakini haimlazimishi mtoto kusema. Ni lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Kigogo, ataulizwa nini, majibu yake yatatunzwa vipi, na kwamba anaweza kunyamaza au kuondoka katikati ya mazungumzo bila kuadhibiwa na mtu yeyote. Kusita kwake kuheshimiwe, na nakuomba asibembelezwe.

Kwamba hawakutosheka na maelezo yako, usilichukulie kuwa ni kukudharau. Shule zilifungwa nchini tarehe 17 Machi 2020, na wanafunzi wa msingi wakarejea tarehe 29 Juni. Mlezi akiulizwa kuhusu kipindi hicho atakumbuka chakula, hofu ya ugonjwa na vipindi vya masomo redioni. Mtoto anaweza kukumbuka kwamba redio ilikuwapo, ila saa ya kipindi ilimkuta kisimani au machungani. Au kwamba usiku aliogopa bibi yake atakufa, akaona asimwambie ili asimwongezee huzuni. Jambo la namna hiyo mlezi hawezi kulijua, kwa sababu alifichwa kwa upendo, hata angekuwa makini kiasi gani.

Isitoshe, kusikilizwa ni haki yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitaja katika ibara ya 12, na Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni nafasi ya kuyatoa katika mambo yanayogusa ustawi wake.

Kuhusu faragha, nitasema zaidi kidogo, maana hapo ndipo utafiti mwingi wa wakati wa janga ulipokwama. Watafiti walishindwa kusafiri, wakahojiana na watu kwa simu. Na simu katika nyumba nyingi ni ya mtu mzima, ambaye huenda ameketi hapo hapo akisikiliza. Mtoto anayepigwa nyumbani akiulizwa kama yuko salama, huku anayempiga yuko karibu, atajibu kwamba yuko salama, na jibu hilo litaingizwa kwenye hesabu kama ukweli. Hata hivyo, faragha si kificho: wakae chini ya mti mahali ambapo unawaona bila kuwasikia.

Kabla ya hapo, waombe wakuonyeshe kibali cha maadili ya utafiti na barua ya utambulisho kutoka wilayani. Waulize watafanya nini mtoto akieleza kwamba aliumizwa. Mtafiti asiyejua ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, wala namba 116 ya kuwasaidia watoto, hajajiandaa. Waulize pia watarudi lini kuwasomea watoto wenyewe matokeo. Ukiridhika na majibu, mpe mjukuu wako siku mbili tatu za kufikiri, kisha umuulize mara moja tu.