Wikiendi ya nyumbani: anza na maharage, nguo baadaye

Mdogo wangu, unasema wikiendi inaisha hujapanda hata mchicha kisa kufua na kupika, pole, hata mie nilikuwa hivyo hivyo. Tatizo unaanza na nguo. Ijumaa usiku kabla hujalala loweka maharage, asubuhi mwaga yale maji, weka mengine ubandike, yachemke yenyewe huku wewe uko nje jua halijawa kali. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu ndo umwage, mi mara ya kwanza nilimimina pakti nzima kona moja ikaota kama zulia, mama mwenye nyumba alicheka wiki nzima. Funika na udongo kiduchu tu, na usimwagilie kwa ndoo itazisomba zote, toboa kopo matundu madogo. Wiki 3 au 4 unachuma. Nguo fua ukitoka bustanini, na ule udongo wa kwenye kucha unatokea hukohuko. Kudeki iache jumapili. Mchana unga maharage yako na nazi, ukipika na chapati sema nije.